Springi za Nusu Kichwa

Amri ya bibi harusi haina rufaa. Alikuwa amesema wasimamizi wake wote waje na springi: si mawimbi, si kusuka, si wigi, bali zile nywele zinazoning'inia kwa mizunguko na kurukaruka mtu anapotembea. Na zifanane, alisisitiza, maana picha ni za maisha.

Kwa dada zake wengine jambo hilo lilikuwa dogo. Unakwenda saluni, unakaa, unapitishiwa chuma cha moto, unatoka. Kwa Mama Kidoti, dada yake mmojawapo, halikuwa dogo hata kidogo. Nywele zake zilikuwa za dawa, zimefika mabegani, na ndizo kitu pekee ambacho dada zake walimwonea wivu. Lakini ncha zilikuwa zimechoka kwa pasi ya nywele, na msusi wake alishamwambia bila kumung'unya maneno, "Mama, ukizipitishia moto tena utazifagia sakafuni."

"Basi nitazifanya nyumbani bila moto," alimwambia dada mkubwa kwenye simu, Ijumaa mchana, siku moja kabla ya harusi. "Kwa mirija. Unazungushia zikiwa na unyevu, zinakauka zenyewe, asubuhi unafungua."

"Mirija ya kunywea soda?"

"Hiyo hiyo."

"Na huko kisogoni atakuzungushia nani?"

"Baba Kidoti."

Dada mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Koili? Yule anayenuka kama mlango uliopakwa rangi jana? Mdogo wangu, kesho kuna wakwe, kuna watu wazima. Usituletee kichwa kilichotengenezwa gereji."

Mama Kidoti alimuaga kwa upole, ule upole wa mtu aliyejiuma ulimi. Tangu aolewe, nyumbani kwao hawakuwahi kumwita mumewe kwa jina lingine isipokuwa Koili, hata mbele yake, na yeye kwa upole wake alicheka pamoja nao. Mkewe hakuwahi kucheka. Kesho, alijiambia, watanizunguka nyuma na kuuliza nani kanitengeneza, na mimi nitamwonyesha kwa kidole mbele ya ukumbi mzima. Hilo ndilo alilolitaka, kuliko picha, kuliko gauni, kuliko harusi yenyewe.

Na kwa nini asilitake? Mumewe alikuwa fundi wa kuzungusha nyaya za mota. Pampu ya maji ikiungua au feni ikigoma, hupelekwa karakana kwao. Yeye hufumua shaba iliyokufa, huzungusha mpya, mzunguko ubavuni mwa mzunguko bila mmoja kupanda mgongoni mwa mwenzake, kisha huimwagia vanishi ili ishikamane iwe koili moja ngumu, ile waliyompachika jina. Watu walitoka mbali kumtafuta. Mikono ya namna hiyo ingeshindwaje na nywele?

Alikaa kwenye kigoda, katikati ya magoti ya mumewe, karibu na cherehani yake ya kushonea mapazia. Nywele zilikuwa zimeoshwa na kufutwa nusu. Pua yake ilikuwa imeziba tangu juzi kwa mafua, na sauti yake imekuwa ya bata.

"Chukua fungu dogo," alimwelekeza. "Chana kuanzia nchani, upande juu. Paka loshoni kwa brashi. Sasa shika ncha, iweke juu ya mrija, zungusha kwenda kichwani. Usivute! Nywele za dawa zikilowa hazina nguvu, zinakatika."

"Kama shaba," alisema Koili. "Ukiivuta inakonda, halafu inakufia kazini."

"Mimi si pampu."

"Najua. Pampu hainung'uniki hivi."

Alicheka, na kamasi nusura zimtoke. Koili akaukunja mrija wa kwanza, akaufunga kwa kipande cha uzi wa mapazia, akarudi nyuma kuuangalia kama anavyoangalia kazi yake yote, kichwa upande. Mizunguko ilikuwa imelala sambamba, haina pengo. Mama Kidoti alijitazama kwenye kioo cha mkononi. Msusi wake mwenyewe hakuwahi kufanya kitu kama kile.

Walianza mbele, wakashuka pembeni. Alasiri ilisogea. Waliongea habari za harusi, za mteja aliyekataa mapazia kwa sababu eti yana huzuni, za Kidoti aliyeanza kusoma mabango ya barabarani kwa sauti. Walipofika kisogoni, Koili alitikisa chupa.

"Loshoni imekwisha."

"Ipo nyingine juu ya kabati. Chupa kama hiyo hiyo, kifuniko cha bluu."

Alinyanyuka, akaipata, akarudi kukaa. "Hii nzito kidogo kuliko ile."

"Ile niliichanganya na maji. Wewe paka tu."

Akapaka, akazungusha, akafunga. Safari hii Mama Kidoti aliona ubaridi unaotambaa kisogoni, kama mtu kampulizia. "Mbona baridi hivi?"

"Dirisha liko wazi."

Jibu lilimtosha. Mtu aliyewekewa dawa ya kulainisha nywele tangu usichana wake amezoea kichwa kuwasha, kuchonyota na kuuma. Ubaridi ni jambo la kushukuru. Mara Kidoti akaingia kutoka kucheza, binti wa darasa la kwanza mwenye alama nyeusi shavuni iliyompa jina lake. Akasimama mlangoni, akakunja uso.

"Mama ananuka kama baba!"

Walicheka wote wawili. "Si nimelala mapajani kwake tangu mchana?" alisema mama yake. "Lazima ninuke kama yeye."

Mrija wa mwisho ulipofungwa, Koili alimvika skafu, akaifunga kwa fundo safi, kisha akainama shingoni pake na kuvuta pumzi kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. "Unanukia vizuri," alisema. Mama Kidoti, ambaye pua yake haikuwa inafanya kazi, hakuwa na budi kumwamini.

.

Asubuhi mafua yalikuwa yamelegea. Alifungua skafu mbele ya kioo kikubwa, Kidoti kakaa kitandani kama mtu aliyekata tikiti ya sinema, Koili kasimama nyuma na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi.

Mrija wa kwanza wa mbele ulichomoka kirahisi. Nywele ikadondoka shavuni, ikaruka, ikajikunja tena pale pale. Springi kamili, inang'aa, kutoka juu mpaka chini haina kasoro. Kidoti alipiga makofi. Wa pili ukatoka, wa tatu, pembeni zote. Mama Kidoti alitikisa kichwa na springi zikacheza, na akahisi machozi yanamjia kwa furaha ya kijinga ambayo hakuionea haya. Alimwona dada mkubwa akilini mwake, kinywa wazi.

"Malizia nyuma," alisema.

Koili alishika mrija wa kwanza wa kisogoni. Ukakataa. Akauzungusha kidogo, akavuta kidogo.

"Aii! Unanivuta!"

"Haitoki."

"Ilowanishe."

Aliilowanisha. Maji yaliteleza juu yake na kudondoka mgongoni kama yanavyoteleza kwenye karai. Akagonga kwa ukucha. Nywele ikalia *ko, ko*. Mama Kidoti alipeleka mkono nyuma na kugusa, na vidole vyake vikakutana na kitu ambacho hakikuwa nywele. Kilikuwa kigumu, laini, baridi, kama mpini wa kijiko. Alipapasa wa pili, wa tatu. Kisogo kizima kilikuwa kimejaa vijiti.

"Umenipaka nini?"

"Loshoni. Ile uliyosema."

"Ilete."

Aliileta chupa. Mkewe akaifungua kifuniko cha bluu, akaipeleka puani, na pua yake iliyoziba siku tatu ikafunguka kwa mshtuko. Alirudisha kichwa nyuma. Ilikuwa harufu ya mumewe. Ya mashati yake, ya mto wake, ya mikono yake baada ya kunawa mara mbili. Juu ya kabati kulikuwa na chupa nyingine ya namna ile, bado haijafunguliwa.

"Baba Kidoti. Hii ni vanishi."

"Haiwezekani." Alichukua chupa, akayaangalia maandishi yake ya loshoni. Uso wake ukaanza kubadilika. "Ile ya kutengenezea feni ya jirani... niliitia kwenye chupa tupu, nikasema nitaiandika..." Akakaa kitandani. "Nimekupaka vanishi."

"Tina ya kuyeyushia rangi inaitoa, si ndiyo? Nyie mnaitoa kwa tina."

"Ikiwa haijakauka. Ikishakauka..." Lakini alikuwa tayari ameinuka kwenda kuichukua. Alijaribu kwenye mrija mmoja, kwa kitambaa. Alisugua taratibu. Kisha fungu zima, mrija na nywele zake, likabaki kiganjani mwake. Lilikuwa limekatika karibu na ngozi bila hata sauti.

Kidoti aliteremka kitandani, akaenda kusimama nyuma ya pazia.

Mama Kidoti alimtazama mumewe kupitia kioo. Hasira ilikuwa inapanda, nayo alikuwa na haki nayo yote, lakini kitu kingine kilipita mbele yake. Chupa ile ilikuwa wazi mkononi mwa Koili mpaka mrija wa mwisho. Brashi ilikuwa chini ya pua yake. Yeye mwenyewe alikuwa na mafua. Kidoti, mtoto mdogo, alinusa akiwa mlangoni. Na huyu je?

"Hukusikia harufu?" aliuliza.

"Nimezoea. Ni harufu ya kazi."

"Fumba macho."

"Mama Kidoti, tunachelewa harusini."

"Nimesema fumba macho."

Alifumba. Mama Kidoti alikwenda pembeni, kwenye jiko la mafuta ya taa, akachovya kitambaa, akarudi kukishika mbele ya pua yake. Koili alivuta pumzi. Akavuta tena. Paji la uso lilimtoka jasho.

"Sabuni?" alisema.

Mama Kidoti alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, na vijiti vya kisogoni vikagongana.

"Tangu lini?"

Koili hakufumbua macho. "Tangu Kidoti hajaanza kutembea. Ilipungua, ikapungua. Siku moja nikaona haipo."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mota ikija karakana, kitu cha kwanza fundi anainusa. Harufu ndiyo inayokuambia koili imeungua au la. Fundi asiyenusa ni fundi gani? Tajiri akijua, kesho niko nyumbani."

"Sasa unafanyaje?"

"Namuuliza mwenye mota. Namwambia, ilipozimika, ilinukaje?" Alijaribu kutabasamu. "Wanapenda kuulizwa. Wanasema mimi ni fundi makini."

Hapo ndipo lilipomjia lile jambo, nalo likamfanya asahau kichwa chake kabisa. Si zamani, alirudi kutoka kupeleka mapazia kwa mteja na kukuta chumba kizima kinanuka gesi. Mtungi ulikuwa unavuja kwenye mpira. Koili alikuwa amekaa kwenye kiti, Kidoti kamlalia kifuani, na mkononi ana kiberiti, anataka kuwasha dawa ya mbu. Mkewe alipiga kelele, akafungua dirisha, akafunga mtungi. Yeye alisema, "Nilidhani ni kwa jirani." Na mkewe alicheka! Alicheka, akamwambia wanaume ndivyo walivyo, hata nyumba ikianguka watasema ni ya jirani.

"Siku ile ya gesi," alisema.

Koili alifumbua macho. Alimtazama, kisha akaangalia pazia ambalo vidole vya miguu vya binti yao vilikuwa vinaonekana chini yake. Aliinamisha kichwa mara moja tu, kukubali.

"Ulikuwa umeshakitoa kijiti," alisema mkewe. "Baba Kidoti, kijiti kilikuwa kimeshatoka kwenye boksi."

Alianza kulia, Koili naye akaanza kulia, na saa ya harusi ikawa inakwenda. Mwishowe ni Mama Kidoti aliyenyanyuka, akachukua mkasi mkubwa wa mapazia na kumpa mumewe. Kisogo kilikatwa kifungu kwa kifungu. Kila kimoja kilipodondoka sakafuni kililia kama kijiko.

.

Aliingia ukumbini na skafu ya hariri kisogoni, springi zimeachwa mbele na pembeni. Kwa mbali hakuna ambaye angejua. Bibi harusi, kwenye chumba cha kuvalia, alimpungia mkono kwa furaha. Kwa dakika chache Mama Kidoti alidhani Mungu amemsitiri.

"Kitambaa cha nini?" aliuliza dada mkubwa. "Si tulisema hakuna vitambaa? Tunataka tufanane."

"Niache tu, dada. Nina mafua, naogopa upepo."

"Upepo gani ndani ya ukumbi?" Na kabla hajaupata mkono wake kuuzuia, dada mkubwa alikuwa ameshaivuta skafu, kwa mzaha, jinsi alivyokuwa anamvua kofia walipokuwa watoto.

Chumba kizima kiliona. Mbele springi zinang'aa, nyuma ngozi na vishungi vilivyobaki kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Shangazi mmoja alijishika mdomo. Wasichana wawili walianza kucheka, wakashindwa kujizuia. Dada mkubwa naye alikuwa ameshtuka kweli. Aliishika ile skafu kama mtu aliyekamata mkia wa mnyama bila kutegemea.

"Jamani," alisema. "Nani kakutengeneza hivi?"

Lilikuwa swali lile lile. Alilisubiri tangu jana, alilipangia jibu, alilipangia mpaka kidole cha kuonyeshea. Sasa limekuja, naye akanyoosha mkono kuidai skafu yake. Mlangoni, Koili alikuwa amesimama na Kidoti, amekuja kuleta mkoba uliosahaulika. Alisikia yote.

"Mimi, shemeji," alisema. "Ni mimi. Nilikosea chupa, nikampaka vanishi."

Kicheko kilichofuata kilitoka chumbani kikaenda ukumbini, kikapokelewa meza kwa meza. Vanishi! Koili kampiga mkewe vanishi! Na yeye, kwa mazoea yake, alicheka nao kidogo, akiwa ameshika ule mkoba kwa mikono miwili. Mama Kidoti angeweza kusema neno moja, kwamba huyu mtu hana pua, kwamba kazi imeila, na wangenyamaza wote. Alimwangalia mumewe na kuona anamwomba kwa macho asiliseme. Hakulisema. Bibi harusi alimbusu shavuni na kumwomba, kwa adabu zote, akae kwenye viti vya nyuma ili picha zisiharibike.

Alikaa. Watu walikuja kumpa pole, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitaka kuona kisogo.

.

Jumatatu Mama Kidoti alinyoa zilizobaki, springi zake zote nzuri, akavaa gauni la kazini, akachukua kwenye kabati ile chupa tupu ya loshoni, ya mwanzo kabisa. Koili alimwona anaitia kitu karibu na jiko.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini kwako."

"Usiniharibie, mke wangu. Nakuomba. Nitajihadhari. Nitakuwa namuuliza Kidoti kabla sijawasha kitu."

"Kidoti ana miaka saba!" alisema, akatoka. Koili alimfuata njia nzima hatua kadhaa nyuma, kama mtu anayesindikizwa polisi.

Hakuwa amewahi kuingia ndani ya karakana ile. Kwa miaka yote alipeleka chakula mpaka getini tu. Sasa aliingia, na macho yakamwasha papo hapo. Chumba kilikuwa kirefu, kimejaa maganda ya mota na mabunda ya waya wa shaba, na mwisho wake kulikuwa na beseni la vanishi lililo wazi, linatoa mvuke mwepesi kwenye joto la bati. Palikuwa na dirisha moja. Lilikuwa limepigiwa mabati kwa misumari. Alijishika pua kwa kitambaa na kujiuliza mtu anawezaje kukaa humu mpaka saa sita, sembuse mpaka anaota mvi.

"Karibu, shemeji!" alisema mzee aliyekuwa mezani, yule waliyemwita Mzee Klampu, mkubwa wa mafundi wote. "Pole na nywele. Tumesikia."

"Nimeshapoa, mzee. Lile dirisha mbona limefungwa?"

"Wezi. Tajiri aliona bora joto kuliko wezi."

"Na harufu hii?"

"Harufu ipi?" alisema Mzee Klampu.

Alisema bila kufikiri, kisha akajisikia alichosema. Mkono wake uliokuwa unazungusha waya ukasimama. Alimtazama Koili, Koili akamtazama yeye, na wanaume hao wawili waliokaa meza moja tangu Kidoti hajazaliwa wakatazamana kama watu waliogongana gizani.

"Na wewe?" alisema Koili.

Mzee aliinamisha kichwa. "Tangu mjukuu wangu wa kwanza. Mke wangu anadhani sipendi tena mapishi yake."

Kwenye kona, fundi kijana aliyekuwa anafunga feni aliweka bisibisi chini. "Mimi nilijua ni mafua," alisema kwa sauti ndogo. "Nina mafua mwaka mzima sasa. Nilijua ni mafua tu."

Mama Kidoti alihisi nywele zingemsimama kama angekuwa nazo. Alikuja kumtetea mtu mmoja. Wote hawa walikuwa wanainama juu ya mota za watu, wanajifanya kunusa, kila mmoja akimficha mwenzake aliye kiwiko kwa kiwiko naye, wakirudi jioni kwenye majiko na mitungi na watoto wao.

Mlango wa ofisi ulifunguka, akatoka tajiri, mtu mnene mchangamfu, kalamu sikioni. Kabla ya kuwa tajiri alikuwa fundi, na alipenda kulisema hilo. Alianzia kwenye beseni lile lile.

"Kuna nini? Msiba?" Akamwona mgeni, akatabasamu. "Aa, mke wa Koili! Nimesikia habari za vanishi. Nimecheka mpaka mke wangu akaniuliza kama niko salama. Karibu, mama."

"Tajiri, nimekuja kuomba dirisha lifunguliwe, na lile beseni litoke nje. Mafundi wako hawasikii harufu. Hata mmoja."

Tabasamu la tajiri halikuondoka, ila lilipoa. Aliwaangalia mafundi, nao wakaangalia sakafu. "Nani hasikii? Koili? Basi aseme, tumtafutie kazi nyingine huko nje. Mimi nimekaa na hiyo vanishi kabla hawa hawajaota ndevu. Iliniua? Nyie wanawake mnapenda kukuza mambo. Fundi ni pua, mama. Pua ikifa, si fundi tena."

"Ni kweli, tajiri," alisema Mama Kidoti. "Pua ndiyo fundi."

Akatoa chupa mkobani, akafungua kifuniko cha bluu, akampa. Koili alipiga hatua kumzuia, akasita.

Tajiri aliipokea, akaigeuza, akayasoma maandishi yake, akaipeleka puani kwa madaha kama mtu anayeonja mvinyo wa watu. Alivuta pumzi ndefu, huku mafundi wake wote wakimwangalia.

"Loshoni ya nywele," alisema, akamrudishia. "Inanukia vizuri."

Hakuna aliyecheka. Karibu na mlango, mteja aliyekuwa amekaa na pampu yake miguuni alishajifunika pua kwa kola ya shati.

"Ni mafuta ya taa, tajiri," alisema Mama Kidoti. "Nimeyatoa jikoni kwangu asubuhi hii."

Tajiri alimtazama, kisha akamtazama yule mteja na kola yake, kisha akanyoosha mkono na kuichukua chupa tena. Aliisukuma mpaka mdomo wa chupa ukamgusa pua. Alivuta. Akaitikisa, akavuta tena, kwa nguvu, kifua kikijaa mpaka vifungo vya shati vikavutika, na akaendelea kuvuta.